Jinsi ya kusoma picha za Kijaini za India bila kumwita kila mtu Buddha

Maswali ninayoletewa kuhusu picha za Kijaini, dini ya kale ya India, hayabadiliki. Mahavira, mwalimu mkuu wa dini hiyo, ameandikiwa "Buddha". Indra, mkuu wa miungu, ameitwa mfalme, mtawa ameitwa mtumishi wa kasri, na ile picha ya wanaume sita kwenye mti imepewa jina la "Mavuno". Macho hayana kosa. Watu wanaona kila kitu kilichochorwa, ila hawajui waanzie wapi, basi wanaanzia penye dhahabu nyingi, na hapo ndipo wanapopotea.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya tatu, ya tano haitakusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha ya ubora wa juu. Metropolitan Museum of Art ya New York na Cleveland Museum of Art zimeweka maelfu ya picha zao mtandaoni bure. Andika "Kalpasutra", jina la kitabu kitakatifu cha Wajaini, au "Jain" kwenye sehemu ya kutafuta. Chagua picha unayoweza kuikuza hadi uone ukingo wa jicho.
- Ukurasa mzima. Picha iliyokatwa ikabaki watu tu imekatwa pia nusu ya maana.
- Daftari na penseli. Utachora ramani ya visanduku. Haihitaji ufundi.
- Nusu saa ya utulivu.

Lugha ya maandishi ya pembeni, ambayo kwa Kalpasutra ni Kiprakriti, lugha ya kale ya India, huhitaji kuijua. Yatosha kujua kwamba Wajaini wanafuata walimu 24 waitwao Tirthankara, au kwa neno la Kisanskriti Jina, yaani washindi: waliozishinda tamaa zao, wakafundisha njia ya kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Wa mwisho wao ni Mahavira. Madhehebu makubwa ni mawili: Shvetambara, ambao watawa wao huvaa nguo nyeupe, na Digambara, ambao watawa wao wa kiume hawavai chochote. Picha nyingi utakazokutana nazo ni za Shvetambara wa Gujarat na Rajasthan, magharibi mwa India.

## Hatua ya 1: Jua umeshika kitu gani

Kabla ya kumtazama mtu yeyote ndani ya picha, tazama umbo la karatasi yenyewe.

Ikiwa ni ndefu kwa upana na fupi kwa kimo, yenye maandishi upande mmoja na picha upande mwingine, huo ni ukurasa wa kitabu. Vitabu hivi mwanzo viliandikwa juu ya majani ya jamii ya mitende yaliyofungwa kwa uzi. Karatasi ilipochukua nafasi, umbo lile refu lilibaki, na mara nyingi utaona vitone vyekundu au vya dhahabu mahali ambapo tundu la uzi lingekuwa. Wengi hudhani vitone hivyo vina siri. Ni pambo lililobaki baada ya kazi yake kwisha.

Ikiwa ni ukanda mrefu wa kukunjua kutoka juu kwenda chini, huenda ni *vijnaptipatra*, barua ambayo Wajaini wa mji fulani walimwandikia mtawa mkuu kumwomba aje akae kwao msimu wa mvua. Miezi hiyo minne watawa hawasafiri, kwa kuwa ardhi imejaa wadudu na machipukizi, na kila hatua ingekanyaga uhai.

Ikiwa ni nguo kubwa yenye miduara ndani ya miduara, hiyo ni ramani ya ulimwengu: katikati mlima Meru wa hadithi (si ule wa Tanzania), kuuzunguka bara la Jambudvipa, kisha bahari na mabara kwa zamu. Iweke kando kwa leo.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: "Hii ni karatasi ya kitabu," au "Hii ni barua."

## Hatua ya 2: Zoea jicho linalochomoza

Katika kurasa za Gujarat za karne ya 14 na 15, uso umegeuzwa robo tatu, na jicho la upande wa mbali limetoka nje ya shavu, linaning'inia hewani. Pua ni kali na kidevu kidogo. Nyuma yao ni wekundu mtupu, au buluu nzito na dhahabu.

Usiandike kwamba mchoraji hakujua kuchora. Ni mtindo, nao ulifuatwa kwa makusudi kwa vizazi. Wenye kulipia vitabu hivi walikuwa hasa wafanyabiashara matajiri, na kunakilisha kitabu kitakatifu kulikuwa tendo la thawabu. Ndiyo maana dhahabu imepakwa bila ubahili hata mahali ambapo hadithi haiihitaji.

Tahadhari: jicho hili haliwatambulishi Wajaini. Vitabu vya Kihindu vya eneo hilohilo na wakati huohuo vinalo pia.

## Hatua ya 3: Mtafute aliyetulia

Hii ndiyo hatua inayookoa kazi nzima, na ndiyo watu wanayoiruka.

Katika picha za Shvetambara, Tirthankara anaweza kuwa amevaa taji, mikufu na vikuku, kama sanamu zinavyopambwa hekaluni. Ndiyo maana anadhaniwa mfalme. Basi usitafute vito. Tafuta mwili usiofanya kazi yoyote: miguu imekunjwa, viganja vimepandana mapajani, kifua kimenyooka, na aghalabu uso unakutazama wewe moja kwa moja ilhali wengine wote wamegeuka pembeni. Mfalme hutulia kwa namna nyingine. Ananyoosha mkono, ameshika upanga au ua, mguu mmoja umeteremka kutoka kwenye kiti, mtu anampepea.

Namna ya pili ya utulivu ni ya kusimama: mikono imening'inia wima bila kugusa mapaja. Huko ni kuuacha mwili. Bahubali, mwana wa Tirthankara wa kwanza, alisimama hivyo mpaka mimea ikamtambaa miguuni. Ukiona mtu amezungukwa na mimea itambaayo hadi mabegani wala hajishughulishi nayo, ndiye huyo.

Na Buddha je? Katika sanamu, Jina hubeba alama ya shrivatsa katikati ya kifua, umbo linalofanana na almasi, na Buddha huvaa joho la utawa. Katika picha, hoja yenye nguvu zaidi ni mazingira: ukiona watawa wa nguo nyeupe wenye mafagio, uko kwa Wajaini.

Mafagio hayo yafaa uyatazame kwa karibu. Mtawa wa Shvetambara hubeba fagio la nyuzi za sufu, mara nyingi limebanwa kwapani, na mkononi kipande cha kitambaa cha kuweka mbele ya mdomo anapozungumza. Fagio ni la kuondoa wadudu mahali anapotaka kukaa, na kitambaa ni cha kulinda viumbe vidogo vya hewani. Mtawa wa Digambara hubeba fagio la manyoya ya tausi na chombo cha maji.

Umefaulu ikiwa umemzungushia penseli mtu mmoja kwenye ramani yako na ukaandika kwa nini ni yeye.

## Hatua ya 4: Mpe jina kwa alama na rangi

Kila Tirthankara ana rangi na alama. Rangi itakufikisha nusu ya njia tu, kwani 16 kati ya 24 ni wa dhahabu. Waliobaki ni wanane: wawili weupe, wawili wekundu, wawili weusi, na wawili wa buluu au kijani.

Alama utakazozikuta sana ni hizi:

- Rishabha, wa 1: fahali, na nywele zinazoangukia mabegani.
- Shantinatha, wa 16: paa, mnyama wa jamii ya swala.
- Neminatha, wa 22: kombe la baharini la kupuliza, na mwili mweusi.
- Parshvanatha, wa 23: nyoka, na juu ya kichwa chake vichwa vya nyoka vilivyotanda kama mwavuli.
- Mahavira, wa 24: simba, na mwili wa dhahabu.

Alama huchorwa ndogo, chini ya kiti. Kuza picha. Ukiona simba wawili kwenye pembe za kiti cha enzi usishangilie mapema, kwa sababu viti vya enzi vya India vina simba hata vya watu wengine. Unayemtaka ni yule wa katikati.

Wa Mombasa wana pa kufanyia mazoezi: hekalu la Kijaini la Langoni, Mji wa Kale. Vua viatu, acha nje chochote cha ngozi, uliza kabla ya kupiga picha, halafu tafuta vichwa vya nyoka.

Tahadhari kuhusu swastika. Utaiona, wakati mwingine ikiwa imepangwa kwa punje za mchele mbele ya sanamu. Mikono yake minne ni hali nne za kuzaliwa: miungu, binadamu, wanyama na mimea, na viumbe vya jehanamu. Vitone vitatu juu yake ni imani sahihi, ujuzi sahihi na mwenendo sahihi. Mwezi mwandamo na kitone cha juu kabisa ni makao ya waliokombolewa. Ilikuwapo karne nyingi kabla ya kuporwa na Wanazi wa Ujerumani.

## Hatua ya 5: Uliza ni tukio lipi kati ya matano

Maisha ya kila Tirthankara yana matukio matano matukufu: kutungwa mimba, kuzaliwa, kuacha dunia, kupata ujuzi wote, na ukombozi. Kurasa nyingi za Kalpasutra, kitabu kinachosomwa hadharani katika siku 8 za Paryushana, sikukuu ya Wajaini, zinaangukia hapo. Chukua maisha ya Mahavira uyatumie kama kipimo.

Mwanamke amelala kitandani, juu yake vitu vidogo vimepangwa. Hizi ni ndoto za mama. Hesabu: tembo, fahali, simba, mungu wa kike Shri, shada la maua, mwezi, jua, bendera, chungu, ziwa la mayungiyungi, bahari ya maziwa, kasri la angani, rundo la vito, moto usio na moshi. Zikiwa 14 ni Shvetambara. Digambara huhesabu 16.

Mtu mwenye kichwa cha mnyama amebeba kitoto. Hapa ndipo wasomaji hukata tamaa. Ni Harinaigameshi, jemadari wa Indra. Kwa mapokeo ya Shvetambara, mimba ya Mahavira ilitungwa kwanza kwa Devananda, mwanamke Brahmini (wa tabaka la makuhani), na Indra akaagiza ihamishiwe kwa malkia Trishala.

Malkia mwenye huzuni, kisha malkia huyohuyo mwenye furaha, mara nyingi kwenye ukurasa mmoja wenye ghorofa mbili. Naipenda sana picha hii. Mtoto tumboni aliacha kucheza ili asimwumize mama yake. Trishala akadhani amekufa, kasri lote likanyamaza, ngoma na nyimbo zikakoma. Mtoto alipoitambua huzuni yake akajitikisa kidogo, kisha akaapa kwamba hataiacha nyumba wazazi wake wakiwa hai. Mchoraji ana mwanamke aliyeketi tu wa kuonyesha, basi yote hayo yako mkononi: kwenye huzuni mkono umeshikilia shavu, kwenye furaha umenyooka. Fundisho la kutodhuru linaanza kabla mwalimu hajazaliwa, nalo limechorwa kwa kiganja kimoja.

Mtu mwenye mikono minne amempakata mtoto juu ya mlima wa ngazi-ngazi. Ni Indra akimwogesha mtoto juu ya Meru. Mafahali wawili wanaomwaga maji kwa pembe zao ni Indra yuleyule, kajigeuza.

Mtu chini ya mti anashika nywele zake mwenyewe. Kuacha dunia. Amevua vito, anang'oa nywele kwa mafumba matano, na Indra anakinga mikono kuzipokea. Juu ya ukurasa huo kwa kawaida kuna kipando cha fahari alichopanda kutoka mjini. Macho yako yatakimbilia kipando. Yarudishe chini ya mti.

Duara la kuta tatu na mtu katikati. Ni samavasarana, ukumbi ambao miungu humjengea Jina ahubiri baada ya kupata ujuzi wote.

Mtu ameketi juu ya mwezi uliolala, miti pembeni. Ukombozi. Mwezi huo ni paa la ulimwengu, mahali roho zilizotua mzigo wa karma, yaani taathira ya matendo, hukaa bila kurudi.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja tukio bila kusoma maelezo ya makumbusho.

## Hatua ya 6: Wahesabu wanyama

Mnyama katika picha hizi si pambo. Kwenye pembe za samavasarana tazama nani kakaa na nani: simba na swala, nyoka na nguchiro. Maadui wa asili wamekusanyika kusikiliza, na uadui umewatoka.

Kisha tafuta zizi. Neminatha alikuwa njiani kwenda kumwoa Rajimati, yuko ndani ya gari la kukokotwa, tarumbeta zinalia, akasikia vilio. Akauliza, akaambiwa ni wanyama waliofungwa kwa ajili ya karamu yake. Akageuza gari, akawa mtawa katika mlima Girnar. Kwenye ukurasa utaona bibi harusi dirishani, wapiga ngoma, na kwenye pembe zizi dogo limesongwa paa, vichwa vyote juu. Asiyejua hadithi ataandika "Harusi ya kifalme". Zizi ndilo picha.

## Hatua ya 7: Msome mfalme kwa mashaka

Picha hizi zimejaa makasri kwa sababu Tirthankara wote huzaliwa katika koo za kifalme. Hata hivyo kasri limechorwa ili uone ukubwa wa kilichoachwa. Ukishika hilo, maelezo yako hayataishia kwenye mapazia na mazulia.

Wafalme wa kweli nao wamo. Akbar, mfalme wa dola ya Wamughal, alimwita mtawa Hiravijaya Suri, aliyefika Fatehpur Sikri mwaka 1583, na mazungumzo yao yalizaa amri za kupunguza uchinjaji. Mwanawe Jahangir alitoa amri ya kuzuia kuchinja wanyama wakati wa Paryushana, na Wajaini wa Agra wakamwandikia mtawa mkuu Vijayasena Suri, aliyekuwa Gujarat, barua iliyochorwa mwaka 1610 na Ustad Shalivahana, mchoraji wa mfalme. Ina urefu wa karibu mita 3 na imehifadhiwa Ahmedabad. Mchoraji anasema humo kwamba alichora alichokiona.

Isome kama ifuatavyo. Kwanza, huu si mtindo wa jicho linalochomoza. Ni mkono wa Wamughal: nyuso za pembeni zenye sura za watu halisi, na majina kando yao. Pili, mtafute Jahangir, kisha mara moja mwache. Tafuta nguo nyeupe. Katikati ya hariri, vilemba na tembo, watawa wamesimama barazani vichwa wazi, mafagio yao wanayo. Tatu, teremka na karatasi mpaka umkute Vijayasena Suri katikati ya wasikilizaji wake. Amri imetoka kwa mwenye enzi, ila barua haikuandikwa kwa mwenye enzi, na anayengojewa kwa hamu ni mtu asiyemiliki hata viatu.

Tahadhari: usiandike kwamba Jahangir aliingia Ujaini. Alitoa amri, basi.

Mfalme mwovu pia yumo. Katika hadithi ya mtawa Kalaka, mfalme Gardabhilla wa Ujjain anamteka Saraswati, mtawa wa kike, dada yake Kalaka. Kalaka anakwenda kuleta Wasaka, wapiganaji wa kigeni kutoka ng'ambo, wamwangushe mfalme huyo. Ukiona mfalme mwenye uso wa mviringo na mavazi ya kigeni akizungumza na mtawa mweupe kama rika lake, umefika kwenye hadithi hiyo.

## Hatua ya 8: Ukikosa Tirthankara, tafuta fumbo

Wanaume sita na mti mmoja. Mti ni mzambarau, na wenye njaa ni sita. Mweusi anashika shoka aukate mti kuanzia shinani. Wa buluu anataka matawi makubwa, wa kijivu matawi madogo. Wa nne, mwekundu au wa njano, anataka vichala. Wa tano, wa waridi, anachuma zambarau mbivu tu. Mweupe ameinama, anaokota zilizokwisha anguka. Hizo ni *leshya*, rangi ambazo matendo na nia huipaka roho. Wote watashiba, tofauti ni mti utakaobaki.

Mtu ananing'inia kisimani. Tembo anamngoja juu, nyoka chini, panya mweupe na mweusi wanatafuna tawi alilolishika, na matone ya asali yanamdondokea mdomoni. Panya ni mchana na usiku. Mara nyingi kuna mtu angani amekuja kumwokoa, naye anaomba tone moja zaidi.

Ubao wa miraba, nyoka na ngazi. Naam, ni ule mchezo wa watoto. Wajaini waliuchora kwenye nguo na karatasi, miraba kwa kawaida 84, ngazi zikiwa mema, nyoka wakiwa dhambi, na juu kabisa makao ya waliokombolewa.

## Hatua ya 9: Andika maelezo

Sentensi nne zinatosha: kitu gani, nani aliyetulia, tukio gani, na nini kinaachwa au kinaokolewa. Mfano wa kazi iliyokamilika:

"Karatasi ya Kalpasutra, magharibi mwa India. Chini, Mahavira anang'oa nywele zake chini ya mti na Indra mwenye mikono minne anazipokea. Ni tukio la tatu kati ya matano, kuacha dunia. Juu, kipando cha dhahabu alichoshuka muda si mrefu."

Ukikwama kwenye sentensi ya pili, rudi hatua ya 3. Ukikwama kwenye ya tatu, hesabu mikono ya anayemhudumia: mikono minne ni Indra, na Indra huonekana hasa kwenye kuzaliwa na kuacha dunia. Ukikuta sura mbili za mtu mmoja kwenye picha moja, hakuna kosa, mchoraji anasimulia nyakati mbili. Na ikiwa ukurasa hauna majirani wake, elewa kwamba vitabu vingi vilifumuliwa na kuuzwa karatasi mojamoja. Tafuta kwenye makumbusho nyingine karatasi zenye ukingo na mapambo yanayofanana na yako. Wakati mwingine Trishala mwenye huzuni yuko mji mmoja na Trishala mwenye furaha yuko bara jingine.